Nyayo na Vigelegele: Steji Sita za Madaba kwa Wawili Wapendanao

Kama wewe na mwenzio mna gemu sebuleni, basi ile mada isiyokwisha mnaijua: steji ipi ngumu, steji ipi tamu. Nazungumzia gemu za mdundo, zile ambazo huui mtu wala hukimbizi gari. Kazi yako ni moja tu, kuingia kwenye biti kwa wakati. Kampuni ya Konami ya Japani ilitoa Dance Dance Revolution mwaka 1998. Mishale inapanda kwenye skrini na wewe unakanyaga mishale iliyo chini ya miguu yako, jasho linakutoka kama umebeba zege. Guitar Hero ikafuata mwaka 2005, Just Dance mwaka 2009, na siku hizi gemu za namna hiyo zimejaa kwenye simu.

Kwenye Dance Dance Revolution za mwanzo kuna kitu nilikipenda sana. Ugumu wa wimbo ulipimwa kwa alama za nyayo. Nyayo mbili, hata mtoto anacheza. Nyayo tisa, andaa taulo na maji ya kunywa. Safi kabisa. Lakini mbona hakuna alama ya raha? Mimi na mchumba wangu tuliwahi kubishana usiku mzima juu ya wimbo mmoja, yeye anasema mgumu, mimi nasema mtamu, na wote tulikuwa sahihi. Ndipo tukaongeza kipimo chetu cha pili: vigelegele. Nyayo kwa ugumu, vigelegele kwa raha, moja hadi tano. Na sheria ni moja: kila mtu anaandika alama zake peke yake, hakuna kuchungulia.

Julai 2024 tuliisafirisha sheria hiyo mpaka Madaba, mkoa wa Ruvuma. Huko hakuna mishale ya kwenye skrini. Kuna ngoma.

KWA NINI MADABA?

Sababu ya kwanza ilikuwa harusi ya wifi yangu, mdogo wake bwana huyu. Ya pili ndiyo iliyoninyima usingizi. Mchumba wangu ni afisa kilimo, na kituo chake cha kazi ni Halmashauri ya Wilaya ya Madaba, ile iliyomegwa kutoka Songea katikati ya miaka ya 2010. Alikuwa ameshakaa mwaka mzima. Mimi niko Dar, kampuni ya bima, meza yangu, kiyoyozi changu, mashoga zangu. Ndoa tulipanga Desemba. Sasa baada ya Desemba nani anamfuata nani?

Wapo wanaosema jibu ni rahisi, uhamisho. Watumishi wa umma wawili waliooana wanaweza kuomba uhamisho wa kumfuata mwenza, na wengi wamepata. Lakini mimi nimeajiriwa na sekta binafsi. Huko hakuna fomu ya kumfuata mtu. Ukifuata, umefuata kwa miguu yako na mshahara umeuacha nyuma.

Kwa hiyo nilikwenda harusini, lakini kiukweli nilikwenda kupima. Je, mtoto wa Muheza, Tanga, aliyekulia kwenye taarab ya kutikisa mabega kiaina huku umeshika noti ya kutunza, anaweza kuishi mahali hapa na akafurahi?

NJIANI

Basi la Songea tulilipanda Stendi ya Magufuli, Mbezi, alfajiri kiza kikiwa bado kinene. Kutoka Dar mpaka Songea ni karibu kilomita 950, na Madaba unaifikia kabla ya kumaliza. Jipange kwa siku nzima ya kukaa. Mikumi utaona swala na twiga bila kulipa kiingilio, ukibahatika na tembo. Ruaha Mbuyuni watakuuzia vitunguu dirishani. Kitonga basi linapanda kwa kunung'unika, kona baada ya kona, abiria wote kimya kana kwamba wanalisukuma kwa mawazo.

Makambako mnaiacha barabara ya Mbeya na kukata kushoto kwenda Njombe. Hapo hali ya hewa inabadilika ghafla. Vaa sweta, usijifanye mgumu. Julai ya Njombe si mchezo, yaani ukipumua unaona moshi. Viazi, chai, parachichi, misitu ya kupandwa mpaka macho yanachoka. Lami hii ya Makambako mpaka Songea ilijengwa miaka ya 1980 kwa msaada wa Uingereza, na wazee wanaoikumbuka barabara ya vumbi bado wanaizungumzia kama watu waliotoka vitani.

Kisha unakuja mlima Lukumburu. Barabara inateremka kwa kona kali, ukungu umetanda, na dereva mwenye akili anashusha gia. Ukimaliza Lukumburu, vuta pumzi. Uko Ruvuma, na Madaba imekufikia: nyumba za bati, mashamba ya mahindi yaliyokwisha kuvunwa, miti ya mbao, moshi wa jikoni, na watu wanaokusalimia hata kama hawakujui. Wenyeji wengi ni Wangoni na Wabena, kwa hiyo kwenye uzio mmoja utasikia lugha mbili kabla hujafika kwenye Kiswahili.

Baba mkwe nilimsalimia kwa kupiga goti. Shangazi wa bwana alinishika mikono yote miwili, akanitazama, akasema, "Mwanangu, mbona mwembamba hivi? Utacheza kweli?" Nikajua gemu limeanza.

STEJI YA KWANZA: MAKOFI PEMBENI

Ijumaa jioni, sendofu ya wifi. Kila mgeni anaanzia hapa, pembeni ya duara. Unapiga makofi, unaitikia kibwagizo, basi. Watu wa mjini tunadhani hii si kazi. Sikiliza vizuri. Makofi ya pale hayaendi yote pamoja. Kundi moja linapiga kwenye mdundo mkubwa, kundi lingine linajaza nafasi iliyobaki katikati. Ukihama kutoka kundi moja kwenda jingine bila kujua, jirani yako anakugusa kiwiko taratibu na kukurudisha.

Vigelegele navyo vina wakati wake. Havipigwi ovyo kama honi ya bodaboda. Vinapigwa wimbo unapopanda, au bibi harusi anapoinua uso.

Nyayo: mimi 1, yeye 1. Vigelegele: mimi 3, yeye 2. Yeye alisema kupiga makofi ukiwa umeketi ni sawa na kutazama mtu mwingine akicheza gemu. Nilimwelewa, lakini mimi nilikuwa mgeni. Steji rahisi ina faida yake, inakupa muda wa kuangalia mazingira.

STEJI YA PILI: MATOLEO KANISANI

Jumamosi asubuhi, misa ya ndoa. Ukanda huu Ukatoliki una mizizi mirefu. Wabenediktini walianzisha misheni ya Peramiho, upande wa pili wa Songea, mwaka 1898. Baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliofanyika kati ya 1962 na 1965, ngoma na nyimbo za kienyeji zilipata nafasi kubwa ndani ya ibada. Leo kwaya ya kijijini ina ngoma, kayamba na kinanda, na wakati wa matoleo watu hawatembei kwenda altareni. Wanacheza.

Hatua zenyewe ni za upole: mbili mbele, moja nyuma, mwili unayumba kidogo, na mikononi umebeba kapu la mahindi au mkungu wa ndizi. Ugumu unakuja kwa sababu ya ile moja ya nyuma. Mtu wa Dar akili yake ni kufika, anataka kwenda mbele tu. Ukisahau kurudi, unamkanyaga mama wa mbele yako. Mimi ni Mwanglikana, tena wa Muheza ambako na sisi tunaimba, lakini mwendo ule ulinifundisha subira kuliko semina yoyote ya kazini.

Nyayo: mimi 2, yeye 1. Vigelegele: mimi 3, yeye 4. Yeye amekulia hapo, na kila hatua ilikuwa na sura ya mama yake. Hapo ndipo nilipoanza kuona kitu: alama ya raha haipimi steji peke yake, inapima na ulikotoka.

STEJI YA TATU: KIODA

Mchana wakaja wakwe wa upande wa pili. Bwana harusi ni Mnyasa wa Liuli, kule kwenye mwambao wa Ziwa Nyasa, na ndugu zake waliikata milima ya Mbinga usiku kucha na mifuko ya dagaa wa Nyasa kwenye buti. Akina mama wao walibeba kitu kingine pia: kioda.

Kioda ni ngoma ya wanawake, na ng'ambo ya ziwa, Malawi, ndugu zao wanaiita chioda. Wanavaa sare, wanajipanga, na wanacheza kwa hatua ndogo ndogo zilizopimwa. Ukiitazama kwa mbali utasema hakuna kinachofanyika. Sogea karibu. Kila bega linashuka kwa wakati mmoja, kila kisigino kinagusa chini kwa wakati mmoja, na kiongozi wao anabadilisha mwelekeo kwa filimbi tu. Mama wa miaka 60 na ushee anacheza saa nzima bila kuhema kwa sababu hapotezi nguvu hata kiduchu.

Walinivuta katikati ya mstari, mmoja kulia, mmoja kushoto. Uzuri wa kioda ni kwamba mstari wenyewe unakubeba. Ukichelewa nusu hatua, bega la jirani linakuambia. Wanaume hawaingii, kwa hiyo mchumba wangu alibaki na simu yake akirekodi na kucheka.

Nyayo: mimi 3, yeye hakuruhusiwa kuandika. Vigelegele: mimi 4. Wifi zangu wapya walinipa kipande cha khanga nijifunge. Kwa mgeni, hiyo ni zaidi ya kombe.

STEJI YA NNE: MGANDA

Hapa zamu ya wanaume, na hapa historia inaingia na buti zake. Mganda ni mtoto wa beni, ile ngoma iliyoanza kwenye pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19 kwa kuiga bendi za kijeshi za Wazungu. Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ikaisambaza. Askari na wapagazi walioburutwa kutoka kambi moja hadi nyingine walirudi makwao na gwaride miguuni, na kandokando ya Ziwa Nyasa gwaride hilo likageuka mganda.

Na Liuli yenyewe ina kisa chake. Wajerumani waliiita Sphinxhafen kwa sababu ya mwamba wake. Agosti 1914, meli ya Waingereza Guendolen iliishambulia pale meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann, ambayo ilikuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo, na nahodha wake hakuwa hata na habari kwamba vita imetangazwa. Vita ya wengine, ziwa letu.

Basi wajukuu wa ziwa hilo walisimama kwenye uwanja wa Madaba na kaptula nyeupe, soksi ndefu, ngoma kubwa moja nyuma yao, na mirija ya vibuyu midomoni. Kibuyu kina tundu lililozibwa kwa utando wa buibui, ukiimba ndani yake sauti inatoka kama tarumbeta lenye mafua. Unacheka sekunde tano za kwanza. Baada ya hapo unanyamaza, maana wanapogeuka wanageuka wote, na wanaposimama, hata vumbi linasimama.

Ugumu wa mganda ni nidhamu. Hakuna manjonjo ya peke yako. Ukienda mbele ya biti, umeharibu gwaride la watu kumi na wawili. Mchumba wangu alikaribishwa safu ya nyuma na shemeji wake mpya, na yule bwana ambaye kwenye gemu hukimbilia pointi za haraka haraka, hapa alilazimika kuwa mmoja kati ya wengi. Alitoka analowa jasho, meno yote nje.

Nyayo: yeye 4, mimi mtazamaji. Vigelegele: yeye 5, mimi 2. Ndiyo, mbili. Nilisimama juani saa nzima nimeshika koti lake. Nilipomwonyesha alama yangu usiku alishangaa kabisa, alidhani raha yake ilikuwa yetu. Wapenzi wasomaji, hilo liwekeni akilini. Kuna mambo mengi kwenye uhusiano ambayo mmoja anayapa tano na mwingine ameshika koti.

STEJI YA TANO: LIZOMBE

Usiku, moto umewashwa, komoni inazunguka kwenye vikombe. Hii sasa ndiyo yenyewe, ngoma ya Wangoni, na hapa wanaume na wanawake wote wanaingia. Wangoni walitoka kusini mwa Afrika, wakavuka mto Zambezi mwaka 1835, na baada ya miaka mingi ya mwendo na mapigano wakaweka himaya mbili katika nchi ya Songea, Mshope na Njelu. Kwenye Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907, walisimama dhidi ya Wajerumani, na Februari 27, 1906, mashujaa wao zaidi ya 60 walinyongwa pale Songea. Kila Februari watu hukutana Makumbusho ya Majimaji kuwakumbuka, na lizombe huchezwa. Kwa hiyo usidhani ni disko la kijijini. Wanaocheza wanajua wanamchezea nani.

Ngoma ziko zaidi ya moja, na kila moja inasema lake. Kubwa inakuita chini, ndogo zinakukimbiza, na njuga zilizofungwa miguuni mwa wachezaji zinaongeza mdundo wa tatu ambao unatoka kwenye kukanyaga kwao wenyewe. Hapa ndipo lizombe inapoipita gemu yoyote niliyowahi kucheza. Kwenye gemu mdundo upo, wewe unaufuata. Kwenye lizombe mguu wako nao ni chombo. Usipokanyaga, muziki umepungukiwa.

Shangazi alinisukuma ndani bila kuniuliza. Dakika kumi za mwanzo sikujua kulia wala kushoto. Lakini sikiliza tofauti: kwenye gemu ukikosa mara kadhaa mstari wa uhai unakwisha, skrini inakuzimia, kwaheri. Kwenye duara la lizombe hakuna wa kukuzimia. Aliye mbele yako anaendelea, aliye nyuma anaendelea, na mduara unazunguka na wewe ukiwa ndani. Mara ya kumi na moja mguu unaingia wenyewe. Mchumba wangu alikuwa hatua tatu mbele yangu, mabega yake yamelegea kama sijawahi kuyaona Dar. Mtu huyu ninayemjua kwa shati la kuchomekea na foleni ya Ubungo, kumbe ana mwili mwingine ambao aliuacha huku.

Nyayo: mimi 5, yeye 3. Vigelegele: mimi 5, yeye 5. Kwa mara ya kwanza raha ililingana, ingawa ugumu haukulingana hata kidogo.

STEJI YA SITA: KINU KIMOJA, MICHI MIWILI

Ulidhani lizombe ndiyo mwisho? Na mimi nilidhani hivyo. Jumapili asubuhi, umeme umekatika, mashine imelala, na wageni wanataka makande kabla ya kuvunja kamati. Mahindi lazima yakobolewe kwa kinu. Shangazi akaleta kinu na michi miwili.

Kama hujawahi kutwanga kwa wawili, nikueleze inavyokwenda. Kinu ni kimoja na mdomo wake ni mdogo. Mchi wako unashuka wakati wa mwenzio unapanda, mnapokezana, ti-ta, ti-ta. Mwendo unategemea jinsi kila mmoja anavyoinua juu. Ukiinua juu sana unachelewa, ukiinua chini sana unawahi, na ukiwahi michi inagongana, mahindi yanaruka, na vidole vinalia. Wataalamu hutwanga watatu, na katikati mmoja anaurusha mchi, anapiga kofi, anaudaka tena. Hao waache, ni steji nyingine.

Nilianza na wifi mdogo. Kisha shangazi akamgeukia mpwa wake aliyekuwa anakunywa chai na kusema mbele ya watu wote, "Na wewe, huyu si wa kwako? Njoo utwange naye." Mwanaume kushika mchi mbele ya shangazi zake si jambo dogo. Kicheko kilisikika mpaka barabarani. Aliinuka, akavua koti, akashika.

Tuligongana mara nne. Kila mmoja alikuwa anautazama mchi wa mwenzake. Shangazi akatikisa kichwa. "Msitazamane michi. Sikilizeni kinu." Tukaacha kutazama. Sijui nieleze vipi, lakini sauti ya mchi wake ilipogusa chini, mkono wangu ulijua kwamba sasa ni zamu yake kushuka. Tulikwenda hivyo mpaka kinu kikajaa chenga nyeupe. Kisha, bila kusimamisha mkono, ndipo aliponiuliza lile alilokuwa halijaulizwa tangu Mbezi. "Utakuja?"

Nikamwambia, "Nahofia kuwa mimi ndiye nitakayeshika koti maisha yote."

Ti-ta, ti-ta. Akasema, "Mimi nimeshika la kwako kule Dar kila nikija. Mashoga zako, ofisi yako, mimi nakaa pembeni natabasamu." Sikuwa nalijua hilo. Kwenye meza ya hoteli tungeshagombana. Kwenye kinu huwezi kugombana, ukigombana vidole vinaondoka.

Nyayo: mimi 5, yeye 5. Vigelegele: mimi 5, yeye 5. Steji pekee ambayo karatasi zetu mbili zilifanana kila kitu.

KARATASI YA SABA

Usiku ule tuliandika karatasi moja zaidi. Mada: kuishi Madaba baada ya ndoa. Nyayo zangu 4, vigelegele 3. Zake, kwa kuishi Madaba peke yake na mke yuko Dar: nyayo 5, kigelegele 1. Kisha tukaandika za yeye kuacha kazi na kurudi mjini: wote nyayo 4, vigelegele viwili viwili.

Ukiziweka pamoja, hesabu inajieleza. Wengi wetu tunachanganya alama hizi mbili. Tukiona nyayo nyingi tunasema "hapana, hakuna raha hapo", tukiona rahisi tunasema "hapo ndo penyewe". Lakini steji rahisi kuliko zote ilikuwa ile ya kukaa pembeni na kupiga makofi, na hakuna aliyeipa tano. Steji ya kukimbia ni ile ambayo mmoja anacheza na mwingine ameshika koti. Ugumu peke yake si sababu.

Tulitafuta steji ya katikati. Kampuni yangu ina ofisi Songea mjini, kama saa mbili hivi kutoka Madaba kwa gari. Niliomba kuhamishiwa huko. Haikuwa rahisi, mshahara ulipungua posho ya Dar, na mashoga zangu walinifanyia kikao. Desemba tulifunga ndoa, Machi 2025 nikaanza kazi Songea. Jumatatu mpaka Ijumaa kila mtu kwenye kituo chake, Ijumaa jioni mmoja anapanda gari. Tunapokezana: wiki hii mimi, wiki ijayo yeye. Kuna Ijumaa nimechoka hoi na natamani kulala tu. Hizo nazipa nyayo 5, na naandika ukweli.

UKITAKA KWENDA

Nenda kati ya Juni na Agosti, baada ya mavuno, ndipo harusi na ngoma zilipo nyingi. Ni msimu wa baridi pia, kwa hiyo sweta na blanketi la basi ni lazima. Ukipenda kuona ngoma za mkoa mzima kwa pamoja, nenda Songea mwishoni mwa Februari kwa kumbukumbu za Maji Maji, ila ujue ni masika.

Viatu vya kisigino viache nyumbani. Lizombe huchezwa chini kwa chini, na udongo haujali bei ya kiatu.

Ukialikwa kuingia kwenye duara, ingia. Ukitaka kurekodi, omba kwanza, na usisahau kutunza wapigaji. Mpigaji ngoma naye anakula.

Komoni ni tamu na inakuja polepole. Usiipime kwa kikombe cha kwanza.

Na mkiwa wawili, bebeni karatasi mbili na kalamu mbili. Andikeni bila kuchunguliana, kisha fungueni pamoja. Alama zikifanana, pigeni vigelegele. Zisipofanana, tafuteni kinu.